Kikombe kimoja, midomo sitini na miwili

Kigango, kanisa dogo la Kikatoliki, kiko wilayani Kasese, Uganda, karibu na mpaka wa Mpondwe. Misa yake ya pili ni ya Kiswahili, maana ndiyo lugha inayowakutanisha Mkonzo mwenye duka, Mkongo aliyevuka kutoka Kasindi na askari aliyehamishiwa huko kutoka Soroti. Ni kigango cha mfano. Tumekiunda ili mambo yanayotokea kwa kutawanyika yaonekane mahali pamoja, kwa hiyo asitafutwe mtu wala padri.

Jumapili ya 18 Agosti 2024 zilipangwa kubarikiwa ndoa tatu za watu waliokwisha kuishi pamoja miaka mingi, na siku hiyohiyo makatekista 14 walikuwa wakifunga mafunzo yao. Padri alikuwa ameahidi tangu Juni kwamba watapokea Komunyo kwa maumbo yote mawili, yaani Mwili na Damu: maarusi 6, wasimamizi 6, wazazi 12, makatekista 14 na viongozi wa jumuiya 24. Jumla 62. Waumini wengine wangepokea Mwili peke yake kama kawaida.

Tarehe 2 Agosti Wizara ya Afya ilitangaza wagonjwa wawili wa mpox, na wote walipatikana Kasese. Wiki iliyofuata, muuguzi ambaye ni mjumbe wa halmashauri ya kigango alisimama kikaoni: "Padri, redioni tunaambiwa tusisalimiane kwa mkono. Jumapili kikombe kimoja kitapita midomo sitini. Watu wakituuliza, tuwajibu nini?"

Swali lilikuwa la haki, na halikuwa la kumkosea Mungu heshima, ingawa mzee mmoja alinung'unika kwamba Damu ya Kristo haiwezi kuleta ugonjwa. Kanisa halifundishi hivyo. Mageuzo, yaani mkate na divai kugeuka kuwa Mwili na Damu ya Kristo, hubadili kiini, lakini maumbo hubaki na tabia zake zote: divai inalevya, inachacha, inabeba kilichoingia ndani yake. Anayelewa hilo hawezi kuona aibu kuzungumzia mate.

Tuanze na mate yenyewe, kwa sababu hofu nyingi zilizotajwa kikaoni hazikuwa mahali pake. Virusi vya Ukimwi haviambukizwi kwa kunywea chombo kimoja. Kifua kikuu huenda kwa hewa, na mtu anayekihofia angefungua madirisha ya kanisa kabla ya kukiangalia kikombe. Kipindupindu na homa ya ini aina ya E ni habari ya maji na mikono michafu, kwa hiyo la kuuliza ni jerikeni ya sakristia (chumba cha kuandalia ibada) ilijazwa wapi. Hilo kikaoni halikuulizwa na mtu. Yanayobaki ndiyo ya kikombe kweli: vidonda vya mdomo vya hepesi, mafua, vijidudu vya koo, na mpox, ambayo huweza kutoa vidonda ndani ya mdomo na ambayo pia hukaa kwenye nguo na vitambaa vilivyomgusa mgonjwa. Neno hilo la vitambaa tutalirudia.

Ebola ni jambo jingine. Juni 2019 wagonjwa watatu walithibitishwa Kasese hiihii, wa familia moja iliyovuka kutoka Kongo. Ikiwa Ebola iko wilayani, kikombe kwa waumini kinasimama, hakuna mjadala wa mbinu.

Kwa magonjwa ya kawaida, kinachojulikana ni kwamba hatari ipo lakini ni ndogo kuliko watu wanavyofikiri. Mwaka 1998 CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, kilieleza kwamba hakuna mlipuko wowote ulioandikwa uliothibitishwa kutoka kwenye kikombe cha Komunyo, huku kikikubali kwamba kwa nadharia maambukizi yanawezekana. Mwaka mmoja kabla, utafiti wa Marekani uliowalinganisha watu 681 haukuona kwamba wanaokunywa kikombeni huugua zaidi ya wasioenda kanisani kabisa. Tatizo ni kwamba watu wale hawakuwa Mpondwe, wala hawakuwa katika mwezi wa mpox.

Jambo muhimu zaidi kwa sakristia limo katika mapitio ya kitabibu yaliyochapishwa mwaka 1988. Yalionyesha kwamba vijidudu huweza kupita kutoka mtu hadi mtu kupitia kikombe, na kwamba kileo kilichomo kwenye divai hakivizuii, madini ya kikombe hayavizuii, na kukizungusha kikombe kidogo baada ya kila mtu hakuvizuii. Kilichopunguza ni kitambaa cha kupangusia ukingo. Imani tatu za sakristia zikaanguka kwa mara moja: kwamba divai inaua, kwamba madini ya fedha yanaua, kwamba robo mzunguko inatosha. Divai ya Misa huwa na kileo cha takribani asilimia 12 hadi 18. Dawa ya kusafishia mikono haifanyi kazi vizuri chini ya asilimia 60. Fedha kweli hudhuru bakteria, ila kwa saa kadhaa, na kati ya mnywaji mmoja na wa pili huwa kuna sekunde tano au kumi tu.

Kikaoni yalitolewa mapendekezo matatu, na kila moja lilipigiwa makofi.

La kwanza lilikuwa visikombe vidogo vya plastiki, kama wanavyotumia walokole wa jirani. Kwa Wakatoliki halipiti. Vyombo vya altare vinapaswa kuwa vya heshima, visivyovunjika wala kuharibika kirahisi. Tena maelekezo ya Roma ya mwaka 2004, *Redemptionis Sacramentum*, yanakataza kabisa kumimina Damu kutoka chombo kimoja hadi kingine baada ya mageuzo. Ingebidi visikombe vyote 62 vijazwe divai wakati wa kuandaa vipaji, visimame altareni, kisha kila kimoja kisuuzwe kwa maji na maji hayo yanywewe. Visikombe sitini vyenye tone moja moja ndani: asiyewahi kutakasa vyombo ndiye anayeona hilo ni jepesi.

La pili lilikuwa kukifuta kikombe kwa maji ya jiki kila baada ya mtu. Jiki hula fedha na dhahabu iliyopakwa ndani ya kalisi, yaani kikombe chenyewe. Ukiitumia mara kwa mara utaona madoa meusi, halafu vishimo, na kishimo ndicho kinachohifadhi uchafu. Tena mabaki ya dawa yangeingia kwenye Damu. Jiki ina kazi yake kigangoni: kiasi kimoja cha jiki ya asilimia 3.5 kwa maji mara sita kwa kufutia meza na vitasa vya milango. Haifiki altareni.

La tatu ndilo la hatari zaidi, kwa sababu lilionekana la usafi kuliko yote: kila mtu apewe hostia, yaani mkate wa Komunyo, mkononi, aichovye mwenyewe kikombeni. Maelekezo yaleyale ya 2004 yanalikataza, na sababu ya usafi inaliunga mkono. Mtu anayekunywa hugusa ukingo kwa mdomo, na ukingo unafutika. Anayechovya mwenyewe huingiza ncha za vidole ndani ya divai, na divai haifutiki. Vidole hivyo vimeshika noti za sadaka dakika kumi zilizopita, vimeshika kiti cha mbele, vimempangusa mtoto kamasi. Baada ya watu kumi na tano, wa kumi na sita anapokea kilichoachwa na wote. Watu hukimbia mate wakakumbatia vidole.

Njia halali walizoweza kuzitumia zilikuwa tatu: kunywa kikombeni, padri mwenyewe kuchovya, au kuacha kikombe. Kwa maoni yetu, mwezi ule hekima ilikuwa kuacha. Padri alikuwa na msingi wa kutosha. Mtaguso wa Trento ulifundisha mwaka 1562 kwamba Kristo yuko mzima chini ya kila umbo, na Vatikano ya Pili ilipofungua tena mlango wa kikombe mwaka 1963 haikuifuta kweli hiyo. Kikombe kwa waumini ni ishara iliyokamilika zaidi, na askofu wa jimbo ndiye anayeweka taratibu zake. Maarusi wasingepungukiwa neema hata kidogo. Lakini ahadi iliyotolewa mbele ya wazazi wa pande mbili ni nzito, na padri alichagua kuchovya. Hakukosea sheria.

Kuchovya kunaondoa midomo kwenye ukingo, ila kunaleta shida nyingine ambayo watu hawaioni. Hostia iliyolowa Damu haiwekwi mkononi, lazima ipokewe kwa ulimi. Vidole vya padri basi vinafika mdomoni mwa kila mtu. Ubishi wa mkono na ulimi Uganda si mgeni: Februari 2020 Askofu Mkuu Cyprian Kizito Lwanga wa Kampala alikataza kupokea mkononi kwa sababu ya heshima kwa Ekaristi, na mwezi uliofuata korona ikayafunga makanisa yote. Kwa upande wa afya, anayehofia kikombe lakini hajali kidole kilichogusa ndimi ishirini hajapima sawasawa.

Kwa hiyo walipanga hivi. Padri anashika hostia kwa ukingo wake wa juu, kwa kidole gumba na cha shahada, anachovya theluthi ya chini tu, anaigusisha kwenye ukuta wa ndani wa kikombe ili tone lirudi, kisha anasema "Mwili na Damu ya Kristo". Anayepokea anajibu "Amina" kwanza, anafunga maneno, ndipo anafungua mdomo wazi na kutoa ulimi hadi juu ya mdomo wa chini. Wengi hutoa ncha tu na kuirudisha hostia inapokaribia. Hapo ndipo kidole kinapoguswa. Kijana wa altare anashika patena, kile kisahani, chini ya kidevu. Wote wapokee wakiwa wamesimama, kwa sababu padri akiinama kwa mmoja na kunyoosha mkono kwa mwingine anapoteza kipimo. Pembeni, juu ya meza ndogo, iwepo bakuli la maji na kitambaa, na chupa ya dawa ya mikono. Padri akiguswa na ulimi anasimama. Anatumbukiza vidole kwenye bakuli kwanza ili chembe za hostia zibaki humo, anapangusa, ndipo anapaka dawa na kusubiri mikono ikauke kabisa, kama nusu dakika. Asiyesubiri atazifanya hostia ziwe chungu na zimnate.

Walilifanyia mazoezi Ijumaa jioni kwa hostia zisizowekwa wakfu na maji yaliyotiwa rangi ya maua ya choya. Muuguzi ndiye aliyesisitiza rangi, na alikuwa sahihi: maji meupe hayaonyeshi tone lilipodondokea. Kwa bahati mbaya hayaonyeshi pia, hata yakiwa mekundu, kwamba hostia za mazoezi zilitoka pakiti tofauti na za Jumapili.

Ikabaki habari ya mtu anayetaka kukiruka kikombe. Katika mji mdogo wa mpakani, bibi arusi akipokea Mwili tu huku mumewe akipokea vyote viwili, kabla ya pilau kupakuliwa watu wamekwisha kusema ana ugonjwa. Tangazo peke yake halimsaidii mtu huyo. Walipanga mistari miwili ianzie mahali pamoja, mbele ya mabenchi ya kwanza, mmoja uende kwa padri na mwingine kwa mhudumu wa Komunyo aliyeshika siborio, chombo cha hostia, chenye hostia kavu. Mwenyekiti wa kigango na mkewe, ambao wamo katika orodha ya 62, waliombwa wawe wa kwanza kwenda mstari wa hostia kavu, bila kueleza sababu. Tangazo likasomwa kabla ya Misa na likarudiwa kabla ya Komunyo:

"Ndugu zetu, Kristo yuko mzima katika Mwili peke yake. Mwenye kidonda mdomoni, homa au upele, asiyekunywa kileo, au anayependa tu, apokee Mwili katika mstari wa kushoto. Asiulizwe na mtu."

Maneno "anayependa tu" ndiyo yanayobeba tangazo zima. Ukiyaondoa, mstari wa kushoto unakuwa mstari wa wagonjwa.

Watu 17 kati ya 62 walikwenda kushoto.

Jumapili yenyewe ilikwenda vizuri hadi kama mtu wa ishirini. Hostia zilizonunuliwa zilikuwa ndogo na nyembamba, zile za milimita 28. Kwa hostia kavu hazina shida. Zikichovywa hulegea mara moja, na padri akichelewa kidogo, mfano mtu akisahau kusema "Amina", zinapinda kama karatasi iliyolowa. Maelekezo yanasema wazi kwamba hostia za kuchovya zisiwe nyembamba mno wala ndogo mno, na sababu ndiyo hii. Moja ilikatika. Nusu ilibaki mkononi, nusu ikateleza ukingoni mwa patena, ikaanguka juu ya mkeka mbele ya altare.

Padri aliiokota, akaila mwenyewe, akafunika mahali pale kwa kitambaa cheupe. Baada ya Misa mahali hapo palioshwa kwa maji na kitambaa. Maji ya kuoshea namna hiyo humiminwa kwenye sakrariamu, karo maalumu linaloingia ardhini. Kigango hakina. Walichimba shimo dogo nyuma ya ukuta wa sakristia, mahali pasipokanyagwa, wakayamimina humo. Hiyo ndiyo faida ya mkeka: ulitolewa nje, ukasuuzwa, ukaanikwa. Zulia lingekuwa kazi ya siku mbili.

Kosa la pili lilikuwa la vitambaa. Purifikatori, kile kitambaa cha kupangusia kikombe, zilikuwa nne. Kwa kuchovya zilitosha, lakini kijana wa altare alizikunja zilizotumika akaziweka juu ya zile safi, na mama aliyezichukua kwenda kufua alizibeba mkononi pamoja na watoto wawili. Katika mwezi wa mpox, mfuaji ndiye aliye karibu zaidi na mate ya watu 45, na hakuna aliyemfikiria. Zilizotumika ziwekwe kwenye beseni lenye maji hukohuko sakristia. Maji ya kwanza yamiminwe ardhini kama yale ya mkeka. Baada ya hapo ni nguo kama nguo nyingine: sabuni, maji ya moto, jua kali, na pasi ya moto pande zote mbili. Mfuaji avae glavu hadi maji ya kwanza yamwagwe, kisha anawe. Kama watu wangekunywa kikombeni, vitambaa vinne visingefika popote: kwa hesabu yetu kitambaa kimoja kisizidi watu 15, kila mtu sehemu mpya, ndani na nje ya ukingo, kwa kubana na kuvuta.

Kalisi nayo ilisafishwa kwa mpangilio sahihi. Kwanza kutakasa kiibada, maji yanazungushwa ndani na padri anayanywa. Kisha kuosha kwa kawaida, maji ya moto na sabuni ya maji, sifongo laini, kusuuza, kukausha kwa kitambaa kilicho safi. Vigango vingi huishia hatua ya kwanza. Kutakasa huondoa mabaki ya Damu. Mafuta ya midomo na vidole hakuyaondoi.

Kosa la tatu halikuonekana na waumini, na ndilo lililomgharimu padri. Mwezi Juni, walipopanga watu wanywe, msakristani alikuwa amepiga hesabu ya mililita 4 kwa kila mtu: 62 mara 4, karibu 250, pamoja na ya padri 260. Njia ilipobadilishwa kuwa kuchovya, hesabu haikubadilishwa. Hostia moja hubeba matone machache, chini ya nusu mililita. Tena watu walikuwa 45. Baada ya Komunyo kikombe kilikuwa na zaidi ya mililita 220.

Damu haimwagwi wala haihifadhiwi hadi kesho. Inamalizwa altareni na padri, au shemasi, au akoliti (mhudumu wa altare) aliyewekwa rasmi ambaye amehudumia kikombe. Siku hiyo padri alikuwa peke yake. Alikunywa yote, tumbo tupu tangu asubuhi, divai ya asilimia 15: karibu gramu 26 za kileo ndani ya dakika mbili. Saa sita alitakiwa kusoma Misa kigango cha pili, kilomita 11 juu mlimani, kwa pikipiki yake mwenyewe. Na yeye ndiye aliyemaliza yote yaliyogusana na vidole vyake na ndimi za wengine. Katika kila kikombe cha pamoja, wa mwisho kunywa ndiye anayebeba hatari kubwa kuliko wote.

Alikaa sakristia, akala chapati na mayai, akampigia simu katekista wa juu mlimani kwamba aanze Rozari. Misa ilianza saa nane kasoro, naye alipanda kwa boda boda, mtu mwingine akiendesha.

Ndani ya mlango wa kabati la vyombo sasa kuna karatasi iliyobandikwa kwa gundi. Kunywa: mililita 4 kwa mtu. Kuchovya: mililita 80 kwa kikombe kimoja, hata watu wawe 30 au 60, kwa sababu sehemu kubwa ya hiyo ni kina cha kufikisha hostia tu. Hostia za kuchovya: pakiti yenye alama nyekundu. Chini yake mtu ameongeza kwa kalamu ya risasi: ULIZA PADRI ANAENDA WAPI BAADA YA MISA.